Ubao Mahali pa Kitabu

Sisi wanafunzi tulimwita Papa Biblio, yaani Baba Maktaba, naye aliitikia, ingawa najua hakulipenda jina hilo. Alikuwa mtunza maktaba wa chuo chetu pale Uvira: chumba kimoja kirefu chenye madirisha manne yanayotazama ziwa. Ukiingia ukamkuta amesimama, ulijua siku hiyo huna bahati, kwa maana alisimama ili akufukuze. Akiwa amekaa, akakusogezea kiti cha pili kwa mguu, basi amekukubali, na hutatoka pale kabla njaa haijakutoa.

Kitu cha kwanza alichotaka kuona kwa mtu hakikuwa kadi, ilikuwa mikono. "Leta mikono," alisema, nawe ulinyoosha viganja vyote viwili, mtu mzima na ndevu zako. Uvira tunakula ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na mafuta ya ndagala hayamwachi mtu upesi. Ndoo ya maji na kipande cha sabuni vilikaa mlangoni mwaka mzima. Mwalimu mmoja mwenye vyeti vya Ulaya alikataa kunawa mbele ya wanafunzi wake. Papa Biblio hakubishana. Alimketisha, akafungua kitabu mwenyewe, akawa anamgeuzia kurasa moja moja, yule bwana ameweka mikono mapajani kama mtoto anayelishwa uji. Siku ya pili alinawa.

Nilimwogopa, na nilimpenda. Nasema yote mawili mapema, maana watu wanaomkumbuka huchagua moja.

Riwaya hakuzisoma. Alisema riwaya ni mtu mmoja anayekusimulia mambo yake, na yeye majirani alikuwa nao wa kutosha. Alichopenda ni rafu ya nyuma, rafu ya vitabu vya rejea: insaiklopidia ya Kiingereza ya juzuu ishirini na nne iliyoachwa na wamisionari, kamusi ya maisha ya Waamerika waliokwisha kufa, atlasi kubwa iliyohitaji meza yake peke yake, na vitabu vizito ambavyo ndani yake hamna kitu ila majina ya vitabu vingine. Vyote vilikuwa na muhuri mwekundu wa kusema havitoki. Vilisomwa palepale, chini ya macho yake.

"Mwanafunzi mujinga anaanzia ku kitabu," alizoea kusema. "Mwenye akili anaanzia ku kitabu yenye kujua bitabu."

Kiingereza alikisoma kila siku na sikumsikia akikizungumza hata mara moja. Majina ya miji ya Amerika aliyatamka Kifaransa, kwa sauti ya puani, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Hakuwahi kuvuka zaidi ya Bujumbura. Lakini ukimtajia mji wowote wa Amerika alikuambia mto upi unapita hapo, reli inaingilia wapi, watu wanatengeneza nini. Siku moja alikuja Mwamerika wa shirika la misaada, akataka kuona maktaba. Papa Biblio alimuuliza kwao wapi, kwa kunitumia mimi kama mkalimani. Mgeni alitaja kijiji kidogo, akicheka kwamba hakuna anayekijua. Papa Biblio akamweleza stesheni iko upande gani wa daraja, na kiwanda cha viatu kiko barabara gani. Mgeni aliacha kucheka. Alisema stesheni ilibomolewa kabla hajazaliwa, kiwanda vilevile, na siku hizi pale hapabaki hata familia kumi.

Papa Biblio alijigusa kifua, akaniambia bila kuniangalia, "Kumbe ni minye niko naikala mule peke yangu."

Mgeni aliniomba nimtafsirie. Nilisema, "Amekushukuru kwa kututembelea."

Alikuwa na desturi mbili ambazo hakuna msomaji aliyezikwepa. Ya kwanza ni ubao. Kila kitabu kilichotoka rafuni kiliachiwa mahali pake kipande cha ubao cha ukubwa uleule, na juu yake ameandika kwa chaki jina la aliyekichukua. Alituambia Wafaransa huuita ubao huo mzimu wa kitabu. Yeye aliuita ubao. Desturi ya pili ni ya kurudisha. Kitabu kilirudishwa kwa mikono miwili, mgongo wake ukimwelekea yeye, ili asome namba bila kukigeuza. Ukikileta kinyume alikurudisha mpaka mlangoni uanze upya, mbele ya watu wote.

Vita vya kwanza kati ya viwili vilivyotupata vilipofika mjini, hakukimbia. Askari waliingia maktaba kutafuta karatasi za kuwashia moto. Wengine wangejificha au kulia. Papa Biblio, nilivyosimuliwa na mlinzi wa chuo aliyekuwa naye, aliwaonyesha rafu za magazeti ya zamani, na walipoanza kuchukua vitabu alichukua chaki. Kila kitabu kilichotoka aliweka ubao. "Askari, jina hakusema." "Askari mrefu." "Askari, anakohoa." Mlinzi alidhani ameingiwa na wazimu.

"Kitabu ilitoka," Papa Biblio alimwambia. "Basi ubao inaingia."

Kwa hiyo mimi nilipoingia chuoni, vita vya pili vikiwa vimekwisha kutukalia, mbao zilikuwa nyingi kuliko vitabu. Uliposoma rafu kutoka kushoto kwenda kulia ulikuwa unasoma majina ya watu, na wengi wao ulijua hawapo. Mchana ule wa Uvira, jua linawaka juu ya ziwa, ndani ya chumba kile mimi nilisikia baridi. Wanafunzi wapya waliongea kwa kunong'ona bila kuambiwa.

Rafu ya nyuma peke yake ilipona, kwa sababu aliweka meza mbele yake akakaa juu ya meza. Juzuu ishirini na tatu zilikuwa pale. Mahali pa juzuu ya ishirini, ile ya herufi S, palikuwa na ubao wenye jina la kaka yangu, Kashindi.

Kaka alinitangulia chuoni. Wiki ile ya kuja kwa vita vya kwanza, risasi zikiwa bado ni uvumi wa huko juu milimani, alikuwa na kazi ya kuwasilisha, akamwomba Papa Biblio juzuu hiyo kwa siku moja. Papa Biblio akampa. Mtu aliyemlisha yule mwalimu kurasa kwa mkono wake alitoa kitabu kisichotoka, mara moja katika maisha yake, na sikuwahi kujua kwa nini. Nadhani alimpenda tu. Kesho yake mji ulikuwa unakimbia. Mama alimwambia Kaka aache lile jiwe la kitabu, abebe unga. Alikataa, akasema Papa Biblio atamuua, akapanda mtumbwi kwenda kusini pamoja na wengine, kitabu kiko ndani ya mfuko. Baadaye mmoja alisema alimwona katika mji wa Baraka. Mwingine alisema Kigoma. Wa tatu alisema ule mtumbwi haukufika popote. Kwetu hatumlilii mtu kwa maneno ya kusikia, basi hatukulia.

Sasa nifike kwenye jambo lililofanya watu wa Nyamianda, mtaa wetu, wapite mbali na maktaba. Vita vya kwanza vilipotulia, vitabu vilianza kurudi. Papa Biblio akifungua asubuhi alikikuta kimoja juu ya kizingiti cha dirisha la tatu, upande wa ziwa. Wiki nzima hakuna, halafu kimoja. Kurasa zimevimba kwa maji yaliyokauka, zinanuka ziwa. Cha kwanza kilikuwa cha jiografia, alichokuwa amekichukua binti mmoja wa mtaani kwetu tuliyekuwa tumemzika. Cha pili kilikuwa cha mwanafunzi ambaye ndugu zake walikuwa bado wanamngoja. Kabla mwezi haujaisha mwili wake ulipatikana kwenye matete. Na vingine vikafuata, hata baada ya mimi kuingia chuoni. Vinne niliviona kwa macho yangu. Waliokuwa hai walirudisha vitabu mlangoni, wakanawa mikono. Vya dirishani vilikuwa vya waliokufa, vyote.

Mimi ni mwalimu, napenda kitu kiwe na sababu. Nilijiambia: mtu ameokota kitabu porini au ndani ya nyumba tupu, ameona muhuri wa chuo, anaogopa kuulizwa alikipata wapi na mwenyewe alimkutaje, na kitu cha marehemu hataki kilale kwake. Anakileta alfajiri, anakwenda zake. Inaeleweka. Jambo moja tu lilinishinda. Kila kitabu kilikutwa kimelazwa sawasawa, mgongo ukielekea ndani, upande wa kiti cha Papa Biblio. Desturi hiyo waliijua wasomaji wake peke yao.

Nilimuuliza siku moja, "Papa, ni nani anavileta?"

"Weye unataka nimuchungulie?"

Sikutaka. Alichukua ubao wa kitabu kile, akaufuta jina kwa maji na sabuni, akauanika juani. Halafu akanawa mikono yeye mwenyewe, muda mrefu kuliko alivyotudai sisi.

Mtaelewa basi nilivyoishi miaka ile. Chuo kizima kilifurahi kitabu kikirudi. Mimi nilikuwa nikiingia asubuhi naangalia kizingiti kwanza, kabla ya kusalimia, nikiomba Mungu juzuu ya S isiwepo. Na kila Ijumaa nikifika nyumbani, Mama, ambaye aliuza ndagala wakavu sokoni, aliniuliza akiwa amenipa mgongo, "Kile kitabu kilirudia?" Nilijibu, "Bado, Mama." Alishusha pumzi, akaendelea kuchambua samaki wake. Nilijiona mimi ndiye ninayelishikilia tumaini lake, na hilo lilinipa nguvu ya kusoma.

Nilisoma Kiingereza, na kazi yangu ya mwisho nilitaka iwe juu ya Amerika. Wakati ule nusu ya darasa walikuwa wanaandika juu ya marais. Papa Biblio alinisogezea kiti.

"Weye unatafuta nini?"

Nilimwambia nimeona mstari mmoja ndani ya insaiklopidia, chini ya magazeti: kwamba vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na watumwa wakawa huru, watu hao waliweka matangazo magazetini kutafuta mama zao, watoto wao, kaka zao waliouzwa mbali. Nilitaka kujua waliandika nini, na kama kuna waliopatikana. Hakuniuliza kwa nini. Aliangalia ubao wa kaka yangu, nami nikauangalia.

Habari nyingi za utumwa zilikuwa ndani ya juzuu ya S, kwa maana neno la Kiingereza la utumwa huanza kwa herufi hiyo. Hapo ndipo nilipomwona akifanya kazi. "Kitabu yenye haiko, bingine biko nayiongelea," alisema, yaani kitabu kisichokuwepo, vingine hukitaja. Alinifundisha kuanzia kwenye juzuu ya mwisho, faharasa, ambayo inaonyesha kila mahali jambo linapotajwa. Kutoka hapo tulikwenda herufi kwa herufi: ukombozi, magazeti, makanisa ya watu weusi, majimbo ya kusini. Kila makala ilimalizika kwa kusema tazama pia hapa, tazama pia pale, na kila mara mshale mmoja ulielekea S. Nilikusanya mishale hiyo kwenye daftari. Baada ya miezi miwili niliweza kueleza makala ambayo sijaisoma inasema nini, kwa yale ambayo makala nyingine ziliiachia. Kisha tulichukua kamusi ya maisha kwa ajili ya majina ya wahariri, na atlasi kwa ajili ya miji yao. Aliniambia nisiandike neno langu hata moja kabla sijajua nani ameandika kabla yangu.

Kulikuwa na tundu moja tu lililobaki. Orodha ya vitabu iliyo mwishoni mwa makala yenyewe, hiyo hakuna juzuu nyingine iliyokuwa nayo. Bila hiyo nisingeweza kuandikia maktaba za Amerika kuomba nakala. "Ukiomba bila ukurasa, hawakujibu," alisema Papa Biblio. "Banakuona uko mutu wa kuombaomba." Jumatatu iliyofuata alinipa kadi. Vitabu saba, waandishi, miji, miaka, kurasa. Alisema ameikumbuka. Niliamini, kwa sababu mtu aliyejua kiwanda cha viatu kiko barabara gani angeshindwaje kukumbuka vitabu saba?

Barua ilipita Bujumbura mikononi mwa padri. Bahasha ilirudi baada ya karibu mwaka, na ndani yake karatasi thelathini za matangazo. Niliyasoma kwenye meza ya rafu ya nyuma. Yalikuwa mafupi. Jina, jina la bwana wa zamani, mahali tulipoachana, alama usoni, na ombi kwamba wachungaji wasome tangazo kanisani. Mengi yaliandikwa miaka ishirini au thelathini baada ya kuachana. Nililia pale mezani, kwa sauti, nikajua kwamba Mama yangu na wale akina mama wangeelewana bila mkalimani. Papa Biblio alikuja akasogeza karatasi mbali na machozi.

Kazi ikapita. Lakini cheti hakitolewi bila karatasi ya maktaba inayosema huna kitabu chao, wewe wala wa nyumba yako. Katibu wa chuo alitaka rafu zisafishwe mbao zote. Aliniita ofisini na karatasi: familia inakiri msomaji amekufa na juzuu imepotea, weka sahihi hapa. Niliishika kalamu. Nakiri niliishika. Papa Biblio aliingia bila kubisha hodi, akachukua karatasi, akaandika chini yake kwa mkono wake: juzuu iko kwa msomaji wake, haijapotea. Akaweka sahihi na muhuri.

"Huyu mutoto hana deni ya kufunga," alimwambia katibu. "Umupe cheti yake."

Nilikuwa sijawahi kumwona akisema uongo juu ya karatasi, na siku ile sikumwona pia, maana sikujua.

Nilipata kazi Kamanyola, kule mpakani, nafundisha sekondari. Nilikuwa nashuka Uvira likizo tu. Mara ya mwisho kumwona maktabani alikuwa amekwisha kukabidhi funguo; macho yake yalikuwa yamefifia, akawa anasoma migongo ya vitabu kwa vidole. Mtunza maktaba mpya alikuwa anaanza kuhesabu kesho yake. Papa Biblio alikuwa amekaa. Alinisogezea kiti kwa mguu, kisha akaniambia ninawe mikono.

Nilinawa. Aliinama chini ya meza akatoa kitu kilichofungwa katika kitenge cha zamani, akakiweka mbele yangu, mgongo ukinielekea mimi. Niliisoma namba. Ishirini.

Kurasa zilikuwa zimevimba. Nilifungua kwenye makala ya utumwa, nikashuka mpaka mwisho, nikaikuta orodha. Vitabu saba.

"Ilirudia lini?"

"Mbele weye uingie chuo. Ulikuwa ungali ku sekondari."

"Dirishani?"

"Ku dirisha ya tatu."

"Na mgongo?"

"Ulikuwa kwangu," alisema. "Vile nilimufundisha."

Hasira ilinipanda. Miaka yote ile ya kuchungulia kizingiti, ya kuomba, kitabu kikiwa ndani ya kitenge kwa mtu huyu. Nilimwambia amemdanganya mama mzee, kwamba amemwacha angoje maiti. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii baba. Aliyapokea yote, amelaza viganja juu ya meza kama msomaji anayesubiri kukaguliwa.

"Mama yako anajua," alisema. "Siku ileile nilimupelekea ku soko. Hakuifungua. Aliishika tu. Akaniambia, Papa, huyu mutoto akijua, ataacha masomo, atakuya kukaa na minye ku mukeka ya kilio. Ufiche. Mulio nitalia peke yangu. Amalize kwanza, apate kazi yake."

"Lakini aliniuliza kila Ijumaa."

"Alikuuliza kwa ajili ya weye," alisema. "Ili usichoke."

Nilikaa pale mpaka hasira ikaisha, na chini yake hapakuwa na kitu ila Kaka. Nilimwomba Papa Biblio msamaha. Alisema hakuna la kusamehe, ila niirudishe juzuu rafuni mwenyewe, kwa sababu yeye haoni. Niliutoa ubao. Kilikuwa kipande chepesi kabisa cha mbao. Nikaingiza juzuu ya ishirini kati ya kumi na tisa na ishirini na moja, nikaenda kuosha jina la kaka yangu kwenye ndoo. Papa Biblio alinishikia sabuni. Alifariki mwaka uliofuata nikiwa Kamanyola, na sikuwahi kuzika, hilo linaniuma.

Siku ile niliporudisha juzuu nilitembea kwa miguu mpaka Nyamianda. Mama alikuwa amekaa uani juu ya mkeka na ungo wa ndagala. Haikuwa Ijumaa, hakuwa na cha kuniuliza. Nilisimama mbele yake.

"Mama, kile kitabu kilirudia."

Aliuweka ungo chini. Alinitazama usoni muda mrefu, akaona kwamba hakuna tena wa kumkinga. Kisha akasogea, akaniachia nafasi kwenye mkeka, na nilipokaa alifungua mdomo, akatoa sauti ambayo alikuwa ameifunga miaka minane.

Majirani walikuja mbio. Mmoja wao alipiga magoti akauliza ni nani amekufa.

"Ni mutoto yangu Kashindi," Mama alisema. "Amekufa leo."